Jicho Ulilolitundika Ukutani Kwangu

Charambe, Mbagala,
Dar es Salaam.
Jumatano, 20 Novemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Mwishehe,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia kabisa, maana nikingoja shikamoo ya mdomo wako nitazikwa haijafika. Mwaka wa tatu huu hujakanyaga Charambe. Huko Lubumbashi wamekufunga kamba? Malori ya shaba yanatoka huko kila siku yanakuja bandarini. Magurudumu yasiyo na akili yanaijua njia ya Temeke, wewe mwenye miguu na akili umeipoteza. Kipara cha babu yako nakikumbuka kuliko uso wako, na yeye yuko kaburini. Huna haya hata kidogo!

Haya, nimeshakugombeza, roho imepoa. Hujambo lakini? Kifua chako na baridi ya huko vinapatana? Unakula? Kornelio dereva aliniambia amekukuta umekonda, suruali umeikaza kwa kamba ya katani. Anasema mnakula bukari asubuhi na jioni, kumbe ndiyo ugali huo huo. Ule basi, ushibe. Na Kamugisha mwenzio wa dukani hajambo? Mwambie namwombea kila siku, ingawa yeye ni wa kanisani na mie wa msikitini. Mungu anatusikia wote.

Mie ni mzima wa kuomba Mungu. Goti la kushoto limekataa kukunjwa, nasali nimekaa kitini. Sukari imeshuka. Mvua za vuli zimeanza na mtaro wa mbele umeziba tena, maji yanalala mlangoni kama mgeni asiyeaga.

Utashangaa kupata barua, siku hizi nani anaandika. Shule mie sikuikanyaga, unajua. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, sie ngumbaru, baba yako nimembeba mgongoni ananivuta kilemba. Kwa hiyo uvumilie mwandiko, mistari inapanda juu kama siafu. Naandika naacha, naandika naacha. Sikutaka mtu aniandikie, na kwenye simu sitaki tena kusema neno la maana nikiwa ndani ya nyumba hii. Kornelio anapakia mzigo kesho kutwa, atakukabidhi mkononi. Ukimaliza kusoma usiiache ovyo.

Wiki iliyopita nilikupigia, nikakuuliza neno moja tu: "Mwishehe, umesema kitu leo kwenye jicho?" Ukacheka. Ukasema, "Bibi, mie niko dukani tangu asubuhi, wala sijafungua." Nikakukatia simu. Ukapiga tena na tena, sikupokea, na mpaka leo sipokei. Umedhani nimenuna. Sikununa, mume wangu. Jibu lako ndilo nililokuwa naliogopa, na ulilitoa huku unacheka.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana woga ukielezwa vipande vipande unazidi.

Unakumbuka wezi walipoingia wakabeba televisheni na masufuria yangu mawili ya pilau. Ulikuja mbio, nikafurahi. Kesho yake ukaenda Kariakoo ukarudi na hiyo kamera, mie naiita jicho. Ukapanda juu ya stuli, ukatoboa ukuta wangu, ukalitundika juu ya mlango wa uani, pale linapoona sebule yote mpaka pazia la chumba changu. Ukaweka na kile kiboksi cha intaneti unachokilipia bando. Jicho lenyewe lina kichwa, linageuka huku na huku kama kinyonga. Ukasema, "Mke wangu, sasa popote nilipo nakuona. Mwizi akiingia namwona, ukianguka nakuona." Asubuhi yake ukapanda basi. Jicho likabaki, mwenye jicho hakurudi.

Mwanzo lilinikera, halafu nikalizoea. Ulikuwa unaniita humo humo, "Mke wangu, umekula?" na mie nainua sahani nakuonyesha. Baadaye biashara ikakuzidi, ukanyamaza. Mie sikunyamaza. Asubuhi nilikuwaga naliambia, "Umeamkaje, mume wangu?" Nikipakua wali nalikaribisha, naliomba radhi nyama ikiwa kidogo. Nikigombana na Hamisa nakuja kukushtakia wewe pale. Mdogo wangu alipokufa, watu walipoondoka arobaini imekwisha, nilivua kilemba nikalia mbele yake, nywele nje, kifua wazi, kama mtu anavyolia kwao. Nilijua nazungumza na ukuta. Lakini ni ukuta wenye wewe ndani, kwa hiyo sikuona vibaya.

Sasa Naima. Dada yako alikuwa ameshawekwa ndani, anafundwa, ndoa yake na Suleiman wa Mwananyamala iko karibu. Kungwi wake ni Bi Hamisa, na Hamisa unamjua, hana mchezo. Mlangoni aliweka beseni la plastiki, kila mwanamke anayeingia anaacha simu yake humo. Shangazi yako wa Kisarawe alikuja na kitochi chake cha zamani, kile cha vitufe.

"Weka," Hamisa akamwambia.

"Hii haipigi picha, we Hamisa."

"Hata ingekuwa ya mti, weka!"

Akaiweka, ananung'unika kama chungu cha kunde. Madirisha tuliyashonea kanga juu ya kanga. Muuza maji tulimwambia aache madumu nje ya ua. Mwanamume hata wa kunyonya hakuingia. Hamisa akaangaza kila pembe, akalifikia jicho. Akaniuliza, "Na hilo, Mwanaheri?"

Nikamjibu kwa raha zangu, "Hilo ni la mume wangu. Nimeshamwambia alifumbe."

Na kweli nilikuwa nimekupigia. Nikakwambia, "Fumba jicho lako, dada yako yumo ndani." Ukasema, "Nimezima, Bibi. Wallahi nimezima." Nikamwambia Hamisa, kaapa. Yakaishia hapo. Kanga zilikuwa rundo pale kitini, Mwishehe. Rundo! Hakuna hata mmoja wetu aliyechukua moja akaitupia juu yake. Tumenyang'anya simu za wanawake wote wa Charambe, tukamwachia mlango wazi yule aliyekuwa ukutani, kwa sababu tulimwona ni mtoto wa nyumbani.

Ilikuwa alasiri, tumeshasali. Naima kaketi katikati ya mkeka na kanga moja kifuani. Alikuwa kasingwa, mabega na mgongo vyote manjano, liwa usoni. Hamisa anamfunda mambo ya kike ambayo sitayaandika hapa kwa sababu hayakuhusu. Sie wengine tunaimba chini chini. Nikasikia krii. Nikadhani panya. Krii tena. Nikatazama juu, jicho linageuza kichwa. Linapita juu yetu taratibu, likafika kwa Naima, likasimama.

Halafu likasema. Sauti ya mwanamume, pole, kama mtu anayetabasamu:

"Mke wangu, mbona mmemkalisha bi harusi pabaya? Hatumwoni vizuri."

Wallahi nilidhani ni wewe. Nani mwingine ananiita mke wangu kutoka ukutani? Nikaokota upawa nikasimama na goti langu bovu, nikapiga kelele, "Mwishehe! Huna haya, mwanaharamu wee! Dada yako huyo!"

Nilipomaliza kusema ndipo neno likaniingia. Hatumwoni. Wewe na nani?

Likacheka. Mwishehe, kicheko chako nakijua, kinaanzia puani tangu ukiwa wa kutambaa. Hiki kilitoka kooni, kikavu. Na nyuma yake kulikuwa na kicheko cha pili, cha mtu mwingine, mbali kidogo, kama wameketi pamoja.

Hamisa alivua kanga yake mwilini akairushia, ikaanguka chini, akairusha tena. "Zimeni! Zimeni!" Hakuna aliyejua pa kuzimia. Wanawake walilirukia beseni, kila mtu anaokota simu ya mwenzie, sijui wampigie nani. Shangazi yako analia anaita jina la marehemu baba yenu. Naima hakulia. Alishika ukingo wa mkeka akajiviringisha nao mwili mzima, na singo yake na liwa yake, akabaki amelala pale kama maiti kwenye jamvi. Tulimwita, hakuitika.

Aliyelikomesha ni Sekela, mpangaji wangu wa chumba cha uani, yule msichana wa Tukuyu anayetengeneza simu pale Rangi Tatu. Alisikia makelele, akaingia, akachomoa waya. Kichwa cha jicho kikainama.

Hapo ndipo nilipokupigia.

Jioni Sekela alinikalisha uani, mbali na ukuta ule. Akaniuliza, "Bibi, kaka Mwishehe alipolifunga, alibadilisha neno la siri?"

"Neno gani?"

"Kila moja linatoka kiwandani na neno lake la kulifungulia. Sasa hayo ya bei rahisi, mengi yana neno lile lile. Ukinunua unatakiwa ulifute uweke la kwako."

"Na usipoliweka?"

"Ni kama umefunga nyumba kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao kila aliyenunua kufuli kama hilo."

Akaniambia wako watu kazi yao ni kuzunguka humo kwenye mtandao, wanajaribu mlango mmoja mmoja. Jicho la duka, jicho la sebule, jicho la chumba cha kulala mtoto. Likifunguka wanakaa wanatazama, na wengine wanaitana waje watazame pamoja. Nikamwambia, lakini Mwishehe alizima, ameapa. Akasema, "Hakukudanganya, Bibi. Amezima kwenye simu yake. Amefumba macho yake mwenyewe tu. La ukutani halikufumba."

Nikajaribu kujipoza. Nikasema, basi hao watakuwa watu wa mbali, ng'ambo huko, Charambe wataijulia wapi? Sekela akasogeza stuli yake karibu yangu. Halafu akasema, "Lakini huyu anasema Kiswahili, Bibi. Na anajua mnavyoitana." Bora asingelisema hilo. Tangu hapo sijalala usingizi wa kushiba.

Sitakuuliza kama ulibadilisha hilo neno. Nilikuwa nimesimama chini ya stuli siku ile, nimekushikia misumari. Ulikuwa na haraka ya basi. Ulisema, "Bibi, hii haina kazi, ukichomeka tu inajiendesha yenyewe." Na kweli imejiendesha yenyewe.

Nisikilize, mume wangu. Kinachonitisha si lile walilolisema, ni yale waliyonyamaza nayo. Wametazama tangu lini? Wanaijua saa ninayokwenda sokoni. Wamejua funguo ya mlango wa uani naificha wapi, maana niliificha mbele yao. Nimeihamisha, lakini naihamisha huku natazama juu, kama mwizi ndani ya nyumba niliyoijenga kwa kukaanga mihogo. Wameniona ninavyovaa, ninavyoanguka, ninavyolia. Wamesikia nilivyomsema Hamisa. Na wewe ulipokuwa unaniita humo mke wangu, na mie nakuita mume wangu, wao walikuwa wameketi hapo katikati yetu, wanajifunza.

Juzi nilikwenda sokoni kununua kibua. Yule muuza samaki Mnyamwezi ni mtani wangu wa miaka, kila nikipita ananiita, "Mke wangu, njoo nikupunguzie." Akaniita kama kawaida. Kikapu kilinitoka mkononi, nyanya zikabingirika mpaka kwenye matope. Nikamkodolea macho mdomoni. Nikamwambia, "Cheka." Akasema, "Mke wangu, una homa?" Nikamwambia, "Cheka nikusikie!" Masikini akacheka kwa woga, watu wanatutazama. Hakuwa yeye. Nilirudi bila kitoweo. Ndivyo nilivyo sasa, nasikiliza vicheko vya wanaume wa watu. Wa bodaboda, wa msikitini, hata fundi aliyekuja kuzibua mtaro. Mtaa wote huu nimewalea, nusu yao wamekula kwangu, na sasa nawaogopa bila kosa.

Tulikwenda kituo cha polisi, mie na Sekela. Alitusikiliza afande mmoja wa kike, mstaarabu, akaandika. Akasema tusilivunje wala kulitupa, libaki lilivyo mpaka waje wenzake wa makosa ya mtandao. Kwa hiyo lipo bado, pale pale. Halina umeme, nimelifunika kanga mbili na juu yake mfuko wa mchele, na waya wake nimeufunga fundo. Sekela ananiapia haliwezi kuona wala kusikia. Naelewa. Lakini napita sebuleni kwangu nimeinama. Kuvua kilemba navulia chooni.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Dada yako hataki kula. Hataki kukaa sebuleni, tumemhamishia chumbani kwangu, dirisha limefungwa na joto hili. Kila simu ya mtu ikiita anashtuka, anadhani ndiyo picha yake imefika. Haijafika, mpaka leo hakuna aliyetuonyesha kitu. Labda hawakupiga picha. Labda wanazo wamezikalia. Nani atatuambia?

Hamisa alisema tunyamaze. "Funika kombe mwanaharamu apite, Mwanaheri. Mfungisheni ndoa mtoto, yatakwisha."

Nikamwambia, "Mwanaharamu kombe ameshalifunua, Hamisa. Tunamfunika nani?"

Tukabishana mpaka Naima mwenyewe akasema kutoka kitandani, na sauti yake ilikuwa ngumu kuliko zetu: "Bibi, nenda ukawaambie kwa kina Suleiman. Sitaki niingie nyumba ya watu niwe nasubiri kila siku simu ya mtu iite." Ana akili mtoto huyu. Nilimkumbatia nikaondoka na singo kwenye gauni.

Nikajifunga buibui, nikamchukua Hamisa huyo huyo aliyekuwa anabisha, tukaenda Mwananyamala. Mama yake Suleiman alitupokea vizuri, akatuwekea chai na vitumbua. Nikamweleza bila kuzunguka. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe hakikufika mdomoni.

"Picha zipo?" akaniuliza.

"Sijui."

"Kuna aliyeziona?"

"Sijui."

"Sasa mama yangu, umekuja kuniambia nini?"

"Nimekuja kukwambia nisilolijua, ulijue kabla ya ndoa. Baada ya ndoa ungeniita mwongo."

Hamisa ananifinya paja chini ya meza, kama mie ndiye wa kufundwa. Mwisho yule mama akasema, "Nani alilileta hilo jicho nyumbani?"

"Kaka yake Naima."

"Na walii wake ni nani, baba yake akiwa hayupo?"

"Huyo huyo."

"Huyo aliyesema atatoa idhini kwa simu, na harusi ataitazama kwenye kamera?"

Nikasema ndiyo. Mwishehe, niliona aibu pale nikatamani kikombe kinimeze.

Akaweka chai chini. "Basi aje. Aketi hapo ulipoketi, anieleze kwa mdomo wake alichokifanya, na aniambie atamlinda vipi dada yake likizuka la kuzuka. Mie sikatai mkwe. Lakini sifungishi ndoa ya mtoto ambaye walii wake anamtazamia kwenye tundu. Simu sitaki, na hilo jicho lenu silitaki."

Tulipotoka, Suleiman alitusindikiza mpaka barabarani. Kijana mtulivu, mikono nyuma. Akasema, "Bibi, mwambie Naima mie ni yule yule. Lakini mama ni mama." Nilimfikishia Naima. Alilia kwa mara ya kwanza, nikashukuru, maana kile kimya chake kilikuwa kinaniua.

Kwa hiyo ndoa imesimama. Haijavunjika, imesimama, inakungoja wewe. Usipokuja itavunjika, na kina Suleiman hawatatangaza kwa nini, watanyamaza kwa heshima zao, na mtaa utajaza wenyewe. Wewe unajua mtaa unavyojaza. Naima atakuwa bi harusi aliyeachwa ndani na singo haijakauka. Nani atamposa tena?

Sikwambii haya nikuue kwa majuto. Najua uliliweka kwa mapenzi. Ulikuwa na hofu na mie, umekaa mbali, ukaona bora unione hata kwa kipande cha plastiki. Na mie nililipenda kwa sababu ni wewe. Lakini mapenzi yako uliyaacha na mlango wazi, mjukuu wangu, na walioingia si wewe. Njoo uufunge. Hakuna mwingine wa kuufunga, baba yenu hayupo, mama yenu hayupo, na mie goti halikunjiki.

Biashara mwachie Kamugisha. Shati moja latosha. Kornelio akishusha mzigo anageuza kuja huku huku. Nimeshazungumza naye, utingo wake anaumwa, kiti kiko wazi. Na kama una majicho mengine umeyatundika huko, dukani au unapolala, kabla hujalala leo yachomoe, au umpate mjuzi akubadilishie hayo maneno ya siri, yawe yako peke yako. Usiseme kesho. Mie nilikuwaga nasema kesho.

Hamisa anakusalimu, ingawa bado ananirushia maneno kuhusu lile rundo la kanga. Shangazi yako wa Kisarawe anakusalimu na anasema kitochi chake kilionewa. Sekela anakusalimu, hajawahi kukuona lakini ameshakugombeza zaidi yangu. Naima hajasema salamu. Amesema tu, "Anakuja?" Ichukue hiyo iwe salamu yake. Msalimie sana Kamugisha.

Mungu akufunike kwa sitara yake wewe na dada yako, awafumbe macho wote wanaowatazama kwa nia mbaya, akulaze salama barabarani, akuvushe mpaka wa Tunduma bila karaha, akulete mbele yangu nikushike kichwa hicho kwa mikono miwili. Amina.

Ni mie ninayekugombeza kwa sababu nakupenda,
Bibi yako, Mwanaheri binti Pazi.

Nimeshatia sahihi nimekumbuka kubwa. Ukifika usisukume mlango kama zamani, na usinipigie simu kwamba uko nje. Lile la mke wangu usiliseme, limeshachafuliwa. Simama mlangoni upige hodi kwa mdomo wako. Halafu utaje lile jina nililokuwa nakuita ulipougua surua, nimekubeba mgongoni usiku na mchana, nyumba hii haijapata umeme. Wewe na mie tu ndio tunaolijua, na mbele ya jicho halijatajwa hata mara moja. Sikuliandika humu, na wewe usiliandike popote. Kama umelisahau, njia ya kutoka Lubumbashi ni ndefu, likumbuke ukiwa kwenye lori. Litaje, kisha usubiri hapo hapo nje mpaka nikwambie karibu. Bisibisi uje nayo mfukoni, polisi wakimaliza nalo ulishushe hilo jicho wewe mwenyewe.